Waliokunywa Kadzama Wako Wapi?

Miaka saba Yakobo alichunga mifugo ya Labani ili apewe Raheli, na siku ya harusi ilipofika mkwe wake akaalika wanaume wa kijiji kizima. Wakala, wakanywa. Usiku bibi harusi akaingizwa chumbani. Kulipokucha, kumbe ni Lea. Mahubiri niliyoyasikia juu ya kisa hiki, nami nimeyasikia mengi, huishia ama kwa Labani na ulaghai wake, ama kwa Yakobo aliyemlaghai babake kwanza, na malipo ni hapa hapa duniani. Wageni waalikwa hawazungumziwi. Lakini Yakobo alipolalamika, Labani alijitetea kwa desturi: kwao mdogo haolewi mbele ya mkubwa. Kama hiyo ndiyo desturi, basi kila aliyenyoosha mkono kwenye sinia la harusi ile aliijua. Aliijua miaka yote saba. Walimwona kijana wa watu akienda malishoni kwa ajili ya Raheli, na hakuna mzee aliyemvuta kando akamwambia, "Mwanangu, huku kwetu mdogo hatangulii."

Matsangoni iko kandokando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi, ukishapita Roka na kabla hujafika Mida na Gede. Upande wa bahari kuna Uyombo na mikoko ya Mida. Upande wa bara kuna minazi, mikorosho, mihogo, kisha msitu wa Arabuko-Sokoke. Wenyeji wengi ni Wagiriama, na si ajabu nyumba moja ikawa na shangazi mlokole, mjomba Mwislamu na babu ambaye bado anatambikia koma, mizimu ya wahenga. Ndoa hapa haijawahi kuwa jambo la watu wawili. Upande wa mume hupeleka kadzama, ule mnazi wa kufungulia maneno, na wazee wa upande wa msichana wakishaunywa wamejifunga: wamekuwa mashahidi. Mahunda, yaani mahari, yanapotolewa, iwe mbuzi, pesa au nguo za mama, wao ndio wanaojua nini kimelipwa na nini kimebaki. Siku hizi kadzama huweza kugeuzwa pesa, na kwa walokole mnazi haufiki mkekani kabisa, lakini ushahidi uko palepale.

David Parkin, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwa Wagiriama wa upande wa Kaloleni, alichapisha kitabu mwaka 1972, na ndani ya jina la kitabu hicho aliyaweka pamoja mambo matatu: minazi, pombe yake, na mashahidi. Alionyesha jinsi shamba lilivyoweza kuuzwa na mke kuolewa bila karatasi, kwa sababu karatasi ilikuwa ni wazee waliokaa pale siku ile. Kijana tajiri angeweza kununua minazi mia, lakini bila wazee wa kusema "tulikuwapo" mali yake ilikuwa hewani.

Kwa hiyo mtu akizisoma ndoa zilizovurugika za Biblia akiwa Matsangoni, swali la kwanza haliwi nani alikuwa mbaya, mume au mke. Swali la Kigiriama ni jingine: waliokunywa kadzama walikuwa wapi?

Pwani hii iliyapata masimulizi hayo mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi Juni akaanza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Mohiddin. Wiki chache baadaye, Julai 13, mkewe Rosine alifariki kwa homa baada ya kujifungua, na kichanga chao naye hakuishi. Sura tatu za kwanza za kazi ile zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Sura ya tatu, msomaji anakumbuka, ndiyo ile ambayo Adamu anaulizwa kuhusu tunda, anamsukumia mkewe lawama, na kwa werevu anamgusa hata Aliyempa mke huyo. Basi miongoni mwa kurasa za kwanza kabisa za Biblia kupigwa chapa kwa Kiswahili umo ugomvi wa kwanza wa mume na mke. Ndoa ile haikuwa na wakwe, mawifi wala wazee wa mahari, na bado haikumaliza sura mbili. Ninaitaja mapema ili nisije nikaonekana ninawatwika mashahidi kila kosa.

Lakini baada ya Edeni mambo hubadilika. Ukisogea mbele, nyumba zinajaa watu, na kila nyumba inapowaka moto kuna mtu wa tatu aliyeshika kiberiti, au aliyeshika ndoo ya maji akakaa kimya.

Mimbari zetu hazipendi kuhesabu hivyo. Zina orodha fupi ya wanawake wa kutupiwa mawe: Yezebeli, Delila, mke wa Ayubu. Huyu wa tatu ndiye anayenisikitisha. Siku Ayubu alipofiwa na watoto kumi, mama yao alikuwa nani? Mali iliyoteketea ilikuwa pia chakula cha mkewe. Majipu yalikuwa ya Ayubu peke yake, hilo ni kweli, lakini misiba mingine yote ilikuwa ya wawili. Mwanamke huyo amepewa kauli moja fupi katika kitabu chenye sura 42, naye amehukumiwa kwa kauli hiyo mpaka leo. Marafiki watatu walisafiri kutoka mbali, wakakaa chini na Ayubu siku saba mchana na usiku kabla hawajafungua mdomo. Kwa mke wake hakuja mtu. Anayejua matanga ya pwani, jinsi wanawake wanavyojaa jikoni na mkekani kumshika mfiwa mwenzao, ataona mara moja kilichokosekana katika nyumba ile.

Sasa nije kwenye kisa ambacho sijawahi kukisikia kikihubiriwa siku ya harusi, wala siku nyingine. Kimo katika Waamuzi, sura ya 19.

Mlawi mmoja wa milima ya Efraimu alikuwa na suria kutoka Bethlehemu ya Yuda. Mwanamke akamwacha, akarudi kwa baba yake, akakaa huko miezi minne. Mume akafunga safari na mtumishi wake na punda wawili kumfuata, nia yake, tunaambiwa, ni kusema naye kwa upole. Mkwe alipomwona akafurahi. Hapo ndipo msomaji wa Matsangoni anapaswa kukaa sawasawa, maana kinachofuata anakijua. Walikula na kunywa siku tatu. Siku ya nne mume akataka kuondoka, mkwe akamshika: kula kidogo kwanza. Wakala, wakanywa, wakalala. Siku ya tano vilevile, mpaka jua likaanza kuteremka. Siku tano baba na mkwe wamekaa pamoja, chakula kinaenda na kurudi, na katika maneno yote yaliyoandikwa hakuna hata swali moja lililoelekezwa kwa binti. Kwa nini ulirudi? Miezi minne hii ulikuwa ukilia nini? Mume aliyekuja kusema naye kwa upole hakuandikiwa neno hata moja alilomwambia. Waliopatana ni wanaume wawili. Mwanamke alipandishwa punda akarudishwa.

Kwa kuwa waliondoka jioni, giza liliwakutia Gibea, mji wa Wabenyamini. Wahuni wa mji wakaizunguka nyumba waliyofikia wakimtaka mgeni. Yule Mlawi, aliyesafiri njia ndefu kumrejesha mkewe, akamshika akamtoa nje kwao. Asubuhi alimkuta kizingitini. Yaliyofuata, vipande kumi na viwili vya mwili wake vilivyotumwa kwa makabila na vita vilivyokaribia kuwamaliza Wabenyamini, watu wanayakumbuka zaidi kwa sababu yana mapanga. Mimi bado niko Bethlehemu, kwa yule baba mkarimu.

Maana baba yule hakuwa mkatili. Alimpenda mkwe wake, na pengine kwa namna yake alimpenda bintiye. Kila "kaa kidogo" yake inaweza kusomwa kama woga wa kumwachia aende. Lakini woga huo aliuzungusha kwenye sahani badala ya kuusema. Nimekaa na wazee wa aina hiyo. Binti anarudi na kifurushi na mtoto mgongoni, mama anamwingiza jikoni, mzee anatuma ujumbe kwa wakwe, na siku ya kikao mume anakuja na wajomba zake na kadzama ya kuomba radhi. Wazee wanakunywa. Linasemwa neno la hekima, kwamba vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Binti anaitwa dakika za mwisho kuulizwa kama amesamehe. Atajibu nini, mbele ya wanaume wale wote ambao tayari wamefuta midomo?

Na kuna hesabu ambayo haisemwi kwa sauti. Mahari ya binti mara nyingi ndiyo iliyomwoza kaka yake. Mbuzi walishaondoka zizini, pesa zilishageuka mabati. Ndoa ikivunjika, upande wa mume una haki kimila ya kudai chao, na huenda madai yakawagusa hata watoto. Baba anaposema "vumilia, mwanangu" huwa anamwomba pia asimfungulie deni. Sidhani ni haki kumwita mzee huyo mbinafsi na kumaliza. Lakini ni lazima tuone kwamba shahidi ambaye ameshakula mali ya kesi hawezi kuwa hakimu wake.

Daudi mwenyewe aliitumia hoja hiyo ya mahari. Mikali, binti Sauli, alimpenda, akamwokoa kwa kumteremsha dirishani usiku. Kisha Daudi alipokuwa mafichoni Sauli akamwoza kwa mwanamume mwingine, Paltieli. Miaka ikapita. Daudi alipokuwa akijadiliana na Abneri kuhusu kiti cha enzi, sharti lake likawa arudishiwe Mikali kwanza, akikumbusha mahari aliyolipa, magovi mia ya Wafilisti. Mikali akatwaliwa. Paltieli alimfuata nyuma akilia njia nzima mpaka Bahurimu, na hapo Abneri akamwambia rudi, akarudi. Katika mkataba ule kulikuwa na mfalme, jemadari, mtoto wa mfalme na wazee wa Israeli. Mikali hakuulizwa. Tunapofika kwenye sura ambayo anamdharau Daudi akimwona akicheza mbele ya sanduku, wahubiri husema ni kiburi. Huenda. Mimi ningetaka kwanza kujua alikuwa ameishi vipi tangu Bahurimu.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu wafikishe miaka 15. Mmoja kati ya watatu. Januari 27, 2024 wanawake waliingia barabarani Nairobi, Mombasa, Kisumu na kwingineko kupinga mauaji ya wenzao. Wakati huo niliwasikia watu wazima wakiuliza kwa nini wanawake hao hawakuondoka mapema. Suria wa Bethlehemu aliondoka. Alirudishwa.

Habari ya wake wengi nayo ina mashahidi wake, na wa ajabu zaidi ni Kanisa lenyewe. Biblia haifichi jinsi nyumba hizo zilivyokuwa. Lea na Raheli walifikia mahali pa kununuliana zamu ya mume kwa tunguja alizookota mtoto shambani. Elkana alipanda kila mwaka kwenda Shilo na wake zake wawili, na kila mwaka, mezani pa sadaka, Penina alimchokoza Hana kwa utasa wake. Elkana alidhani dawa ni kumwongezea Hana sehemu ya nyama mbele ya mwenziwe. Mtu yeyote aliyelelewa katika boma la mama wawili atakwambia kwamba hiyo ni kumwagia petroli. Kisha Hana akaenda kulia hekaluni, midomo ikitikisika bila sauti, na kuhani Eli, aliyekuwa ameketi mlangoni akimtazama, akaamua kuwa mwanamke huyu amelewa. Wachungaji wanaosoma makala hii wamsome Eli polepole. Sifa yake ni moja: alipoelezwa, aliusahihisha ulimi wake papo hapo.

Maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, Uingereza, mwaka 1888 waliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe, aendelee kufundishwa tu mpaka aweze kuifuata sheria ya Kristo. Wake zake waliweza, katika hali fulani, kubatizwa. Kwenye makaratasi ya London uamuzi ulionekana safi. Huku Afrika ulikuwa na maana kwamba mtu aliyetaka ubatizo awachague na kuwaacha wake wengine, na watoto wao wajijue. Ilichukua miaka 100. Lambeth ya 1988, kwa azimio ambalo Kanisa la Kenya lilikuwa mstari wa mbele kulisukuma na ambalo Askofu David Gitari alilitetea, ilikubali mwanamume wa namna hiyo abatizwe pamoja na jamaa yake, kwa ahadi ya kutooa tena maadamu wake alionao wako hai, na bila kushurutishwa kuwaacha, kwa sababu kuachwa huko kungewatupa wanawake katika dhiki.

Mfano wa kuachwa huko ulikuwamo ndani ya Biblia yenyewe. Mwisho wa kitabu cha Ezra, wanaume wa Yuda wameketi uwanjani Yerusalemu, wanatetemeka kwa ajili ya mashauri na kwa mvua kubwa, wakikubali kuwaacha wake wa mataifa mengine. Tume ikakaa miezi mitatu. Orodha ya waume ina majina zaidi ya mia moja, na inafungwa kwa kutaja kwamba baadhi ya wanawake walikuwa na watoto. Jina la mwanamke hata mmoja halimo. Walikwenda wapi baada ya hapo, hakuna aliyeandika.

Kenya nayo ilikuwa na uwanja wake. Machi 2014 Bunge lilipojadili Sheria ya Ndoa, wabunge wanaume walipitisha kwamba mume anaweza kuoa mke mwingine bila kushauriana na aliyepo, na wabunge wanawake wakatoka ukumbini kwa hasira. Sheria ilitiwa saini mwezi uliofuata. Ndoa ya Kikristo ndani yake ni ya mke mmoja. Ya kimila inahesabiwa kuwa inaweza kuwa ya wengi. Hapa kwetu, ambako mtu mmoja hupeleka kadzama mwaka huu na kwenda kanisani baada ya watoto watatu, wengi hawajui wako upande gani mpaka siku ya mazishi, wanapotokea wajane wawili na shamba moja.

Hajiri husomwa mara mbili Matsangoni. Msikitini ni mama mtukufu, aliyekimbia baina ya Safa na Marwa akimtafutia mwanawe maji, na kila hujaji hufuata nyayo zake. Kanisani aghalabu ni kosa la Sara na haraka ya Ibrahimu, kizuizi kinachoondolewa ili Isaka apate nafasi. Wasomaji wote wawili wangefaidika kubadilishana viti kwa muda. Hajiri alikuwa mtumwa wa ndani, mgeni kutoka Misri, aliyelazwa na bwana wa nyumba kwa amri ya bibi wa nyumba, kisha akateswa na bibi huyo huyo kwa kushika mimba. Alitoroka. Pwani hii ambayo mashamba ya Malindi na Takaungu yalilimwa kwa mikono ya watumwa, na ambayo watoro walijenga vijiji vyao huko bara, haihitaji kufafanuliwa habari ya mtoro. Wala haihitaji kuelezwa habari ya msichana wa kazi katika nyumba ya mbali: kila kijiji cha Kilifi kina binti aliyekwenda Saudia. Katika sura nzima Sara na Ibrahimu wanamwita mjakazi tu. Wa kwanza kumtaja kwa jina, na kumwuliza anatoka wapi na anakwenda wapi, ni malaika aliyemkuta kwenye chemchemi jangwani. Swali lile lile ambalo baba wa Bethlehemu hakuliuliza kwa siku tano.

Nisidhaniwe kwamba tatizo huwa ni ugomvi siku zote. Anania na Safira hawakugombana. Ni katika wanandoa wachache wa Biblia ambao tunaambiwa waziwazi walikubaliana, shauri moja, nia moja, na wakafa siku moja. Waliuza kiwanja, wakaficha sehemu ya fedha, wakadanganya pamoja. Kinachonikera katika kisa hicho ni yale masaa matatu. Anania ameanguka, vijana wamemfunga sanda, wamemzika, na mkewe anaingia bila habari. Kanisa zima lilijua kwamba ni mjane kabla yeye mwenyewe hajajua. Hakuna aliyemkimbilia njiani.

Shakahola iko katika kaunti yetu, bara ya Malindi. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, watu waliomfuata mhubiri Paul Mackenzie na kufunga hadi kufa. Kulikuwa na waliokwenda mume na mke na watoto, kwa umoja kamili, wakiuza vitu vyao kwanza. Kulikuwa na nyumba ambazo mmoja alikwenda na watoto na mwingine akabaki, akizunguka kituo cha polisi na mochari ya Malindi, akitoa sampuli ya damu. Tumezoea kuombea wanandoa umoja. Baada ya Shakahola, jirani anayeona nyumba imeacha kupeleka watoto shule na hospitali, mume na mke wakitabasamu pamoja, ana sababu ya kubisha hodi.

Shahidi bora kuliko wote, kwa maoni yangu, si mzee wala kuhani. Ni kijana wa kazi katika nyumba ya Nabali. Nabali alikuwa tajiri, kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, na mdomo wake ulikuwa mchafu. Alipowatukana watu wa Daudi, wanaume 400 wenye panga wakaanza safari kuja kufyeka kila mwanamume wa nyumba ile. Kijana hakwenda kwa Nabali. Alijua, na alisema, kwamba bwana wake ni mtu asiyesemezeka. Hakusubiri kikao. Alimwendea Abigaili akamweleza wazi hatari iliyokuwa njiani. Abigaili akapakia mikate 200, viriba vya divai, kondoo watano walioandaliwa, bisi, zabibu na tini, akapanda punda, akamkuta Daudi bondeni na kumzuia. Mumewe hakumwambia. Maandiko yanamsifu kwa akili yake, na sikumbuki ni lini niliposikia sifa hiyo ikisomwa kwenye semina ya akina mama kuhusu utii. (Kwamba baadaye aliolewa na Daudi, akaingia nyumba yenye wake juu ya wake, ni bahati yake mbaya ya pili.)

Kijana wa namna hiyo Matsangoni yupo. Ni jirani wa ukuta mmoja anayesikia usiku. Ni mwendesha bodaboda aliyembeba mama mwenye jicho lililovimba mpaka zahanati, ni mwalimu anayeona mtoto hali. Yeye hakunywa kadzama, kwa hiyo hujiambia hayamhusu. Na waliokunywa wanamwambia hivyo hivyo.

Sheria imewaachia mashahidi nafasi kubwa kuliko wanavyojua. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ndoa kinawaruhusu waliofunga ndoa ya Kikristo kwenda kwa chombo cha usuluhishi kilichoundwa na kanisa walikofungia. Nenda parokia au ushirika ulio karibu nawe uulize chombo hicho kinakutana siku gani. Mara nyingi utaelekezwa kwa mchungaji mmoja mwenye harusi tatu Jumamosi. Katiba, ibara ya 159, inatambua njia za jadi za kutatua migogoro, wazee wetu wakiwemo, mradi zisivunje haki za binadamu. Mradi huo ndio wenye uzito. Mzee anaweza kuamua juu ya mbuzi, maneno makali, mama mkwe anayeingia jikoni. Taya lililovunjwa si la kadzama: kuna Sheria ya Kujikinga na Ukatili wa Nyumbani ya 2015, na mahakama inaweza kumzuia mtu asisogee karibu na aliyemuumiza.

Ndoa ya Ruthu ilifungwa langoni mwa Bethlehemu, mji uleule wa yule baba mkarimu. Boazi aliketi asubuhi penye njia ya watu, akawaita wazee kumi, akawaketisha, akalitaja kila jambo kwa jina: shamba la nani, mjane wa nani, deni gani linaambatana na nini. Wazee wakasema ndio, sisi ni mashahidi. Jamaa wa karibu zaidi, ambaye haki ya kukomboa ilikuwa yake, alikuwa tayari kulichukua shamba. Aliposikia kwamba linakuja na mjane Mmoabi, akarudi nyuma na kuvua kiatu mbele ya wote. Watu humcheka. Mimi namwona afadhali kuliko wengi niliowataja: alikataa mchana kweupe, wazee wakisikia, kabla Ruthu hajahamisha mzigo wake.